Msikiti wa Kale Uko Wapi? Siku ya Kwanza ya Mgeni katika Vilima vya Kampala

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wazee wa halmashauri waliponitaka niandike habari za kale za Waislamu wa mji huu kwa ajili ya kijitabu cha ukumbusho wa chama chetu, nilikusudia kuanza kama waanzavyo wengi, yaani kuutaja mwaka wa 1844 kisha kushuka mwaka baada ya mwaka hata nifike katika siku zetu. Nimeacha njia hiyo. Nilikumbuka swali niliulizwa na mgeni mmoja katika siku yake ya kwanza hapa Kampala, nikaona kuwa swali lile ni mlango ulio bora kuliko tarehe yoyote.

Mgeni mwenyewe ni mwalimu wa chuo huko Mombasa, mtu wa makamo ya baba yangu, aliyesoma sana na kusafiri kidogo. Uganda hakuwa amepata kufika. Alishuka katika basi saa kumi na moja alfajiri, amechoka kwa safari ya usiku na mchana, tukasali, tukanywa chai. Nami nikadhani atataka kulala. Badala yake akaniambia, "Mwanangu, katika mji nisioujua mimi huanza na msikiti wa kale. Nipeleke kwanza katika msikiti wenu ulio wa kale kuliko yote, nisali rakaa mbili, ndipo nitazame mengine."

Nilinyamaza, kwani sikuwa na jibu. Ndugu zetu wa pwani wamezoea mawe. Huko Kizimkazi, katika kisiwa cha Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya ukutani ya mwaka wa 500 wa Hijra, nao ni mwaka wa 1107 wa Miladi. Na Mombasa kwenyewe mtu aweza kusali leo katika misikiti iliyosaliwa na babu wa babu zake. Sisi tunajivuna, na tuna haki ya kujivuna, kuwa Uislamu ulitangulia dini nyingine zote zilizotoka ng'ambo kuingia Buganda, kwa muda usiopungua miaka 30. Lakini ukituuliza tuoneshe kuta za kutangulia huko, hatunazo.

Nikamwambia, "Maalim, tupande mlimani kwanza. Jibu lako liko juu."

Tukaenda Kampala Mkongwe, kilima ambacho kwa jina lake mji mzima umeitwa. Wazee husema kwamba wafalme walikuwa wakifuga swala hapo, na kwa Kiganda kilima kikaitwa kilima cha swala, kisha Waingereza wakalifupisha jina hilo kwa ulimi wao. Juu yake leo umesimama Msikiti wa Taifa, ulioanzwa katika zama za Idi Amin baada ya Baraza Kuu la Waislamu kuundwa mwaka wa 1972, ukasimama bila kwisha serikali yake ilipoanguka mwaka wa 1979, na hatimaye ukakamilishwa kwa msaada wa Libya, ukafunguliwa rasmi mwezi wa Machi 2008. Mgeni wangu alihesabu, akacheka. "Basi," akasema, "msikiti huu ni mdogo kwa mjukuu wangu."

Tulipanda ngazi za mnara, nazo zapata 300, mzee akipumzika mara tatu na mimi mara nne. Atakaye kuujua mji huu na aanze hapo. Upande mmoja ni Namirembe na kanisa kuu la Waanglikana. Karibu yake Rubaga na kanisa kuu la Wakatoliki. Mengo penye kasri la Kabaka. Upande wa pili Makerere, kisha Nakasero na Kololo. Mbele kule Kibuli na minara yake miwili. Na nyuma, kwa mbali kidogo, Kasubi. Nilimwonesha kimoja kimoja, kisha nikamweleza jambo ambalo wageni wengi hawalifahamu.

Mji mkuu wa Buganda haukuwa mji wa kukaa mahali pamoja. Kibuga, yaani mji wa mfalme, kilikuwa kikihama. Kabaka akitawazwa huchagua kilima chake. Na Kabaka mmoja aliweza kuhama mara kadhaa katika uhai wake, kwa maradhi, kwa vita, au kwa kupenda tu. Muteesa wa Kwanza peke yake alikaa Banda, ambako Mwingereza Speke alimkuta mwezi wa Februari 1862, alikaa Nakawa, alikaa Rubaga, ambako Stanley alimkuta mwaka wa 1875, alikaa Kasubi, ambako amelala mpaka leo. Na majumba yote yalikuwa ya matete na nyasi. Si kwamba yalikuwa madogo au ya kudharauliwa. Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi aliyefika kwa Kabaka Suuna mwaka wa 1852, alimsimulia Burton huko Tabora kwamba urefu wa Kibuga haupungui mwendo wa siku moja. Kwamba kasri peke yake lilipata urefu wa maili moja, nyumba zake za mviringo zimepangwa kwa safu, zimezungushiwa ua imara wenye milango minne tu. Na kwamba milangoni palitundikwa kengele za kutoa habari ya mgeni ajaye, na walinzi mamia kwa mamia wakikesha. Huo ndio mji aliouona msafiri wa pwani. Lakini mji wa matete ukihamwa, mvua ya misimu michache huurudisha udongoni, na msikiti uliokuwamo hurudi pamoja nao.

"Kwa hiyo," akasema mzee, "swali langu halina jibu."

Nikamwambia kuwa lina jibu, ila si la mahali pamoja. Tukashuka.

Chini ya mnara nilimwonesha mfano wa ngome ya Lugard. Huyo Lugard, mtu wa Kampuni ya Kiingereza, alifika mwezi wa Desemba 1890 na kujenga ngome yake juu ya kilima hiki. Na ilipojengwa nyumba hii ya ibada, ngome ikaondolewa, ikafanywa ya mfano wake pembeni. Wapo wanaolalamika kuwa athari ya kale imepotea, na wapo wasemao kwamba ni vema adhana isikike mahali palipokaa mzinga. Mimi nasema kwamba wote wawili wasingekuwa na la kubishania kama hapangekuwa na mtu aliyechora ngome ile na kupima kuta zake kabla haijaondolewa. Neno hilo nitalirudia.

Njiani kwenda Kasubi tulizungumza habari za mgeni wa kwanza, maana mgeni hupenda kusikia habari za mgeni mwenziwe. Huyo ni Ahmed bin Ibrahim al-Ameri. Alifika katika baraza ya Kabaka Suuna wa Pili mwaka wa 1844, akitokea kusini kwa njia ya Karagwe. Habari zake tumezipata kwa kuwa aliishi miaka mingi, akakaa Kafuro katika nchi ile ya Karagwe, ambako Stanley alimkuta mwaka wa 1876. Naye Emin Pasha akayaandika masimulizi yake kutoka kinywani mwake.

Siku moja, Ahmed akiwa ameketi barazani, Suuna alitoa amri watu wauawe, kama ilivyokuwa desturi ya baraza ile. Watu wa kasri walinyamaza. Mgeni akasimama. Akamwambia mfalme kwamba watu hawa, na ufalme wake huo, na yeye mwenyewe, vyote vimeumbwa na Mungu mmoja, na kwamba kuwaua wale aliowaumba Yeye ni dhambi kubwa mbele zake. Fikirini, ndugu wasomaji: mtu wa nchi ya mbali, hana jeshi, hana ndugu, mali yake yote imo mikononi mwa mfalme anayemkosoa, na kengele za mlangoni haziwezi kumtoa nje. Yasemekana kuwa Suuna hakukasirika. Alijibu kwamba yeye ajua miungu ya nchi yake iliyompa ufalme, kisha, siku nyingine na nyingine tena, akamwita mgeni amweleze habari za huyo Mungu mmoja. Husimuliwa kwamba kabla hajafa, mwaka wa 1856, alikuwa amejifunza sura kadhaa za Kurani.

Mzee aliposikia hayo alisimama kando ya barabara, pikipiki zikitupita huku na huku, akasema, "Subhana Llah! Na msafara wake ulibeba nini kurudi pwani?"

Lilikuwa swali la mtu mkweli, na sikutaka kulikwepa. Misafara ilileta nguo, shanga, bunduki na baruti. Ilichukua pembe za ndovu, na ilichukua watumwa. Si haki kulisifu neno la Ahmed barazani tukaficha minyororo ya njiani. Kwa watu wengi wa nchi hizi, wakiwamo watu wasiokuwa Waislamu ambao ni majirani zetu na wakwe zetu, kumbukumbu ya mtu wa pwani ni kumbukumbu ya minyororo ile. Sisi tunaoandika vijitabu vya ukumbusho tumezoea kuiruka sura hiyo. Kuiruka hakutusaidii, maana wenzetu wanaijua.

Kasubi tulivua viatu, tukakaa kwa adabu kama ipasavyo. Hapo pamezikwa Makabaka wanne: Muteesa wa Kwanza, aliyefariki mwaka wa 1884, Mwanga, Daudi Chwa, na Edward Muteesa. Nyumba yenyewe, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na ilichukua miaka mingi kuisimamisha upya. Mzee alitazama paa lile kubwa la nyasi akauliza, "Hii ni ya kale au ni mpya?" Nikamjibu kwamba nyasi ni mpya, ila watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kazi ya kuezeka hapa ni haki yao na wajibu wao tangu zama za wafalme, hawakuanza jana. Jengo laweza kuungua, lakini ujuzi wa kulijenga unakaa katika ukoo. Akatikisa kichwa. "Na ninyi," akasema, "Ngeye wenu ni nani?" Sikumjibu.

Muteesa ni mtu wa kufikiriwa sana na Waislamu wa Uganda, wala si rahisi kumweleza. Alijifunza Kiarabu, kusoma na kuandika, Kiswahili alikizungumza. Mwaka wa 1867 alifunga Ramadhani, akaendelea kufunga kwa kiasi cha miaka 10. Aliamuru misikiti ijengwe, watu wasalimiane kwa salamu ya Kiislamu, na miezi ihesabiwe kwa hesabu ya Hijra. Wanahistoria husema kuwa yeye ndiye Kabaka wa kwanza aliyezikwa mwili wake mzima. Kwa desturi ya kale taya la Kabaka lilitengwa na mwili likawekwa katika hekalu lake mbali na kaburi, naye hakufanyiwa hivyo. Lakini huyu huyu, kwa desturi ya ufalme iliyokataza damu ya Kabaka kumwagika, hakutahiriwa. Na katika kukataa huko ndimo ulimotoka msiba nitakaoutaja baadaye.

Tulipotoka Kasubi likatokea jambo la kuchekesha. Karibu na Mengo tulikutana na kundi la wanaume wapatao 20, wazee kwa vijana, wote wamevaa kanzu nyeupe zenye nakshi nyekundu kifuani, na makoti juu yake, wamesimama kwa safu mbele ya lango la nyumba. Mgeni wangu alifurahi, akawaendea na kuwatolea salamu kamili, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, akamshika mkono mkubwa wao. Walimwitikia kwa heshima, kisha mmoja akaniambia kwa Kiganda, huku akijizuia kucheka, kwamba wao ni Wakatoliki wa Rubaga, wamekuja kuposa.

Nilimweleza mzee kuwa kanzu iliingia katika kasri la Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani, wafalme wakaivaa, machifu wakaivaa, na leo ni vazi la heshima la Mganda wa dini yoyote. Mtu hapelekwi ukweni bila kanzu. Alistaajabu. Nikamwambia, Maalim, ikiwa kanzu yakustaajabisha, sikiliza na maneno. Mganda asemapo dini husema eddiini. Kitabu ni ekitabo. Kalamu ni ekkalaamu. Sabuni ni ssabbuuni. Saa ni ssaawa. Nao Wakristo wa kwanza wa nchi hii waliitwa abasomi, wasomaji, kwa neno lililotoka pwani pamoja na vyuo vya Kurani. Padri aliyepanda mimbari ya kwanza ya Rubaga alikuta maneno ya kuhubiria yamekwisha kuletwa na watu wa vilemba.

"Haya," akasema mzee, "sasa waanza kunionesha msikiti wenu."

Tulikula mchana katika mkahawa mdogo wa Kiislamu: matoke, mchuzi wa karanga, na nyama. Mzee alinikumbusha kwamba Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka wa 1331, aliletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Akaniambia kuwa desturi ya huko ilikuwa mgeni mwanachuoni asishukie nyumba ya mtu yeyote kabla hajaonana na sultani. Nami nikaona ninayo nafasi ya kulipa. Nikamwuliza, "Maalim, Ibn Battuta alipolala usiku mmoja Mombasa, misikiti yenu aliikuta ya nini?" Akafikiri, akatabasamu, akaweka tonge chini. "Ya miti," akasema. "Aliandika kuwa ni ya miti, imejengwa barabara." Kisha akaongeza, kwa kuwa ni mtu wa insafu, "Na hiyo hatunayo hata nguzo moja. Tunayo kwa kuwa aliiandika."

Mambo ya miaka ya 1888 hata 1900 nilimsimulia kwa haraka tukielekea Kibuli, nami hapa nitayapitia kwa haraka vile vile, maana yameandikwa na wengi. Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga. Mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo. Kiwewa akakataa kutahiriwa akaondolewa. Akatawala Kalema, aliyeitwa Rashid. Utawala wa Waislamu ulidumu mwaka mmoja tu na kidogo, nao uliingia doa la damu, kwani Kalema aliwaua ndugu zake wa ukoo wa kifalme, wanaume kwa wanawake. Mwezi wa Oktoba 1889 Mwanga akaurudia mji. Februari 1890 Waislamu wakashindwa kabisa, wakakimbilia mipaka ya Bunyoro, na Kalema akafa huko kwa ndui.

Aliyebaki kuwaongoza ni Nuhu Mbogo, nduguye Muteesa, na huyu ndiye ninayemheshimu kuliko wote wa zama zile. Mwaka wa 1892 alikubali kurudi kwa mapatano ili watu wake waache kufa porini. Waislamu wakapewa wilaya tatu, Butambala, Gomba na Busujju. Mwaka uliofuata fitina ikazuka tena, Mbogo akapelekwa uhamishoni Unguja, na mkononi mwa Waislamu ikabaki Butambala. Kwa hiyo yupo mwana wa mfalme wa Buganda aliyeshuka pwani akiwa mgeni, katika mji wa mawe, Sultani Hamad bin Thuwaini akitawala, wala hakuwa mfanyabiashara wala mjumbe, bali mfungwa mwenye heshima. Ningetoa mengi kujua aliona nini katika siku yake ya kwanza huko, na alisali msikiti gani. Alirudi mwaka wa 1895. Katika Mapatano ya mwaka wa 1900 alipewa maili 24 za mraba kwa ajili yake na wafuasi wake, na posho ya kila mwaka, naye akaacha dai la ufalme. Wapo waliomlaumu kwamba aliuza. Mimi naona alinunua: alinunua nafasi ya Waislamu kukaa, kulima na kuzaa katika nchi iliyokuwa imewashinda.

Tulisali Alasiri Kibuli. Kilima kile, ekari zipatazo 80, kilitolewa na mwanawe Mbogo, Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka wa 1907 na kufariki mwaka wa 1991. Msikiti ulikamilika mwaka wa 1951. Na shule na hospitali zimeuzunguka. Mzee alikaa barazani muda mrefu akitazama mji ule ule alioutazama asubuhi, sasa kwa upande wa pili. Nikamweleza pia habari za mgawanyiko wetu, jinsi baada ya Mbogo kufariki mwaka wa 1921 watu waligombana miaka na miaka juu ya kusali Adhuhuri baada ya Ijumaa au kutosali, hata ndugu wakawa hawazikani. Nilieleza kwa aibu. Yeye hakushangaa, akasema kwamba pwani nako wanayo ya kwao.

Hapo nikamwambia lililokuwa moyoni. Katika msikiti mmoja, ambao sitautaja, kilikuwako kitabu kikubwa cha majina ya waliosilimu, waliooa na waliokufa, kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zama za wazee wetu. Nilikiona kwa macho yangu nikiwa kijana. Nilipokwenda kukitafuta ili niandike habari hizi, nilioneshwa sanduku, na ndani ya sanduku palikuwa na udongo wa mchwa.

Mzee akasema, "Saa ngapi Magharibi?" Nikamjibu. "Basi twende mahali pamoja zaidi."

Nikampeleka Namugongo, nje ya mji upande wa kaskazini mashariki.

Kila tarehe 3 Juni dunia nzima huijua Namugongo, kwa ajili ya vijana Wakristo waliochomwa hapo mwaka wa 1886 kwa amri ya Mwanga. Wakatoliki 22 miongoni mwa waliouawa zama zile walitangazwa watakatifu mwaka wa 1964, na kila mmoja anajulikana kwa jina, kwa ukoo, na kwa kazi aliyokuwa akiifanya katika kasri. Ni haki yao. Lakini miaka kumi hivi kabla yao, baina ya mwaka wa 1875 na 1876, walikufa hapo vijana Waislamu. Walimu waliotoka upande wa Misri na Sudani walikuwa wamewafundisha watumishi wa kasri kwamba haifai kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, wala kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Hata kibla cha msikiti wa kasri hawakuridhika nacho. Vijana wakaacha kusali nyuma ya Kabaka, na nyama ya kasri wakaikataa. Muteesa, yule yule aliyefunga Ramadhani kwa miaka, akaona kwamba amri yake imevunjwa ndani ya nyumba yake. Akaamuru wauawe. Husimuliwa kuwa walioteketezwa Namugongo walipata 70, na wengine waliuawa mahali pengine.

Mzee alisikiliza yote kwa utulivu, jua likishuka nyuma ya migomba. Kisha akauliza, "Majina yao?"

Nikamweleza kwamba majina ya Wakristo yalihifadhiwa kwa kuwa palikuwa na watu waliouliza na kuandika: mapadri waliwahoji jamaa na mashahidi wangali hai, wakaandika siku, mahali na maneno. Wetu walikufa mbele ya watu waliojua kuandika, maana kasri lilijaa makarani wa Kiarabu na Kiswahili, lakini wino ulitumika kuhesabu pembe.

Akatoa daftari yake mfukoni. "Wewe," akasema, "huna hata mmoja?"

Ninalo jina moja. Nililisikia kwa bibi yangu, mzaa mama, naye alilisikia kwa mama yake: kijana wa ukoo wao aliyepelekwa kasri kutumika akiwa mdogo, akasilimu, na hakurudi. Sitalitaja katika kijitabu hiki, kwa kuwa jamaa zake wengine wangaliko na sijawaomba idhini. Lakini nilimtajia mzee, nikamtajia na ukoo, na kijiji.

Alivaa miwani, akaandika kwa herufi za Kiarabu, pole pole. Kisha akauliza, "Umesikia kwa nani?" Nikamwambia. Akaliandika jina la bibi yangu. "Naye kwa nani?" Nikamwambia. Akaandika na hilo. Chini yake akaandika jina langu, siku ya mwezi, na mahali tuliposimama. Adhana ikalia katika msikiti ulio karibu, naye akafunga daftari, tukaenda kutawadha.